Tundu Dogo: Sindano, Banzi na Mchemsho katika Hospitali za China ya Karne ya 20

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, hospitali kadhaa za China, hasa za Beijing na Tianjin, zilijitahidi kuoanisha tiba asilia ya nchi hiyo na upasuaji uliotoka Ulaya na Marekani, na sehemu ya kazi hiyo iliyozaa matunda zaidi ni ile iliyotafuta namna ya kumponya mgonjwa kwa jeraha dogo kadiri ilivyowezekana. Tiba za aina hiyo sasa zinafahamika kama upasuaji wa matundu madogo, ambamo daktari hapasui tumbo wala kiungo kwa mkato mrefu, ila hupitisha vifaa vyembamba na kamera katika tundu la milimita chache. Kabla vifaa hivyo havijaenea, waganga wa China walikuwa na sindano, mabanzi na dawa zao za kuchemsha, na wapasuaji waliosomea tiba ya Kimagharibi walipowekwa nao wodi moja walitambua kwamba baadhi ya mbinu hizo zilitatua matatizo ambayo kisu kilikuwa hakijayatatua vizuri. Nadharia ya qi, yaani nguvu ya uhai inayosemekana kuzunguka mwilini, haikuwa rahisi kupatanishwa na anatomia wala na elimu ya vijidudu. Lakini kazi ya mikono na kipimo cha dawa vilipatana, kwa sababu matokeo yake yaliweza kuonekana kwa macho na kuandikwa katika jalada la mgonjwa.

Pande hizo mbili hazikukutanishwa na mapenzi. Mwezi Februari 1929, Yu Yunxiu, daktari aliyesomea Japani, aliwasilisha mbele ya kamati kuu ya afya ya serikali ya wakati huo pendekezo la kuikomesha tiba ya kale hatua kwa hatua, na ni maandamano na mkutano mkubwa wa waganga mjini Shanghai tarehe 17 Machi mwaka huohuo yaliyoufanya mpango huo usitekelezwe. Walikuwapo hata hivyo wachache waliojaribu kuchanganya tiba kwa hiari yao wenyewe, na aliyejulikana zaidi ni Zhang Xichun, aliyeishi kati ya 1860 na 1933, ambaye wagonjwa wake wa homa kali aliwapa aspirini pamoja na mchemsho wa jasi, madini ambayo waganga wa China wameyatumia kupoza homa kwa karne nyingi. Baada ya 1949 serikali mpya ilitangaza umoja wa waganga na madaktari, ingawa kwa miaka michache ya mwanzo umoja huo ulimaanisha kwamba waganga ndio waliotakiwa kujifunza sayansi. Kuanzia 1954 mwelekeo ulipinduliwa: manaibu waziri wawili wa afya, He Cheng na Wang Bin, walilaumiwa hadharani kwa kuidharau tiba ya kale, taasisi kuu ya utafiti wa tiba hiyo ikafunguliwa Beijing mwezi Desemba 1955, na madaktari waliokwisha kuhitimu wakaondolewa kazini kwa takriban miaka miwili na nusu ili wasome vitabu vya kale. Mwaka 1958 kiongozi wa nchi, Mao Zedong, aliiita tiba ya Kichina hazina kubwa inayopaswa kuchimbwa, na tangu hapo hakuna mkuu wa hospitali aliyethubutu kutoishughulikia. Shinikizo hilo lilizaa taarifa nyingi zilizotiwa chumvi, na yeyote anayesoma majarida ya kitabibu ya China ya wakati ule anapaswa kuyasoma kwa tahadhari. Lakini ndilo pia lililowapeleka wapasuaji hodari mahali ambapo wasingekwenda kwa utashi wao.

Mfano ulio wa kale kuliko yote ni ule wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoipata lenzi, ile sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni, mpaka mwanga ushindwe kupenya, na tangu zamani sana waganga wa India walijua kwamba lenzi iliyopofuka inaweza kusukumwa kwa sindano ikazama chini ya jicho, njia ya mwanga ikafunguka. Ujuzi huo uliingia China pamoja na watawa wa Kibudha, na katika kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho Waitai Miyao, ambacho Wang Tao alikikamilisha mwaka 752, sindano ya dhahabu inatajwa katika mlango unaokiri wazi kwamba asili ya mafundisho yake ni India. Washairi wa enzi hiyo ya Tang, akiwamo Bai Juyi aliyesumbuliwa na macho uzeeni, waliijua tiba hiyo, na Liu Yuxi alitunga shairi kwa ajili ya mtawa mganga wa macho aliyetoka India. Karibu miaka elfu moja baadaye, katika karne ya 18, mganga Huang Tingjing aliigawa kazi hiyo katika hatua nane na kuipa kila hatua jina lake, na akaeleza kwamba sindano iingie katikati kabisa ya umbali kati ya ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho na kona yake ya nje. Maelekezo hayo yana uzito, kwa kuwa yanaonyesha mtu aliyejifunza kwa kurudia tendo lilelile mara nyingi ni wapi jicho huvumilia kuchomwa na ni wapi halivumilii.

Sindano hiyo hata hivyo ilikuwa na hatari zake. Jicho lililochomwa kwa chombo kisichotakaswa liliweza kuoza, na lenzi iliyoachwa ndani iliweza kupasuka au kupandisha shinikizo la majimaji ya jicho hadi mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ukafa, madhara ambayo madaktari wanaendelea kuyashuhudia katika sehemu za Afrika Magharibi ambako waganga wa kuzunguka vijijini wangali wanasukuma lenzi kwa sindano. Huko Ulaya, mpasuaji Mfaransa Jacques Daviel alianza mwaka 1747 kuitoa lenzi nje badala ya kuisukuma, na njia yake ndiyo iliyofundishwa katika vyuo vyote vya tiba ya kisasa. Ilihitaji mkato mkubwa kiasi kwenye ukingo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, pamoja na nyuzi za kushonea na siku nyingi za kulala kitandani bila kujitikisa, na kwa mzee mwenye kikohozi au ugonjwa wa moyo masharti hayo yalikuwa magumu kuliko upasuaji wenyewe.

Hapo ndipo alipoingia Tang Youzhi, mzaliwa wa Hangzhou mwaka 1926, aliyekuwa amejifunza tiba ya macho ya kale akiwa mwanagenzi wa mganga mashuhuri wa Shanghai, Lu Nanshan, kisha akasomea udaktari wa kisasa Beijing katika miaka ya 1950. Mtu mwenye elimu zote mbili alikuwa adimu, na manufaa ya hali hiyo yalionekana upesi. Tang aliirudia sindano ya dhahabu akiwa na dawa ya kutanua mboni, ganzi ya sehemu moja isiyomlaza mgonjwa, vyombo vilivyotakaswa na elimu ya tabaka za jicho, akaamua kuingia upande wa chini wa nje, milimita 4 nyuma ya ukingo wa konea. Madaktari wengi waliiogopa sehemu hiyo kwa hofu ya damu, ilhali vipimo vya anatomia vilionyesha kwamba pale ukuta wa ndani ni bapa, una mishipa michache ya damu, na retina, yaani utando unaopokea picha, haijaanza. Alitanguliza kisu kidogo kutoboa ukuta, kisha akapitisha sindano butu iliyokata nyuzi zinazoishikilia lenzi na kuilaza chini, na jeraha lililobaki lilikuwa dogo kiasi kwamba halikuhitaji kushonwa. Inafaa kutajwa kwamba mwaka 1970 Robert Machemer, akifanya kazi Miami nchini Marekani, alipobuni njia ya kuondoa ute wa ndani wa jicho bila kulifungua, alipitisha vifaa vyake katika ukanda huohuo bapa, na wapasuaji wa retina duniani kote hupitia hapo mpaka leo.

Mwezi Julai 1975 njia ya Tang ilitumiwa kwa mgonjwa aliyefahamika kuliko wote nchini, Mao Zedong mwenyewe, ambaye alikuwa na umri wa miaka 81, mwenye maradhi mengi, na ambaye kwa muda mrefu alikuwa akisomewa nyaraka kwa sababu hakuziona. Upasuaji ulifanyika katika makazi yake ya Zhongnanhai na ulichukua dakika chache tu. Baadaye aliweza kusoma tena kwa miwani minene, ambayo kila mtu asiye na lenzi alilazimika kuivaa. Hadhi ya mgonjwa iliupa upasuaji huo umaarufu, lakini kwa historia ya tiba jambo kubwa zaidi ni kwamba Tang hakuridhika nao. Alijua kwamba lenzi inayobaki ndani ya jicho ni tishio la kudumu, hivyo akaendelea kutafuta namna ya kuifunika kwa kifaa maalumu, kuiponda na kuitoa kupitia tundu dogo. Nje ya China jibu lingine lilikuwa limekwisha kupatikana: Harold Ridley alipandikiza lenzi ya bandia London mwaka 1949, na Charles Kelman wa New York alianza mwaka 1967 kuivunja lenzi mbovu kwa mitetemo ya sauti isiyosikika na kuifyonza. Njia hizo mbili zilipounganishwa na kuenea katika miji ya China, sindano ya dhahabu ilistaafu, na ilistahili kustaafu, maana mgonjwa wa sasa hupata tundu dogo pamoja na lenzi mpya palepale.

Huko Tianjin hadithi ilianzia kwenye mifupa. Fang Xianzhi, bingwa wa mifupa aliyesomea Beijing na kuendelea Marekani, alikuwa akiendesha mafunzo ya wapasuaji wa mifupa wa nchi nzima, na kanuni aliyoifundisha ilikuwa ile ya vitabu vya Kimagharibi: mfupa uliovunjika uwekwe sawa, kisha kiungo kifungwe hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia juu ya kifundo cha juu hadi chini ya kifundo cha chini, pasiwe na kutikisika kwa wiki nyingi. Mfupa uliunga, lakini mara nyingi kiwiko au goti lilitoka limekakamaa na misuli imenyauka, na mivunjiko iliyokataa kukaa sawa ilipasuliwa na kuwekwa vyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Fang na mwenzake Shang Tianyu walikwenda kuwatazama wahazigi, yaani waganga wa kuunga mifupa, ambao walinyoosha mfupa kwa mikono mitupu na kuufunga kwa vipande vifupi vya mti vilivyoacha vifundo huru. Mafundisho hayo yalikuwa ya kale, kwani maandishi ya karne ya 9 yanayohusishwa na mtawa wa enzi ya Tang yalikwisha kuelekeza mabanzi ya magome ya mti na kumtaka mgonjwa akunje na kunyoosha kiungo chake mara kwa mara.

Madaktari hao wawili hawakuinakili kazi ya wahazigi kama ilivyo. Waliipitisha chini ya mashine ya eksirei, wakachunguza ni mkono gani wa mganga uliorudisha kipande gani cha mfupa, wakapima nguvu ambayo kamba za kitambaa zilipaswa kukaza, wakachonga mabanzi membamba ya mti unaonyumbuka na kuweka pedi za karatasi mahali ambapo mfupa ulitaka kuteleza. Msuli unaojikunja ndani ya banzi kama hilo huibana mivunjiko pamoja badala ya kuitenganisha, na kwa hiyo mwendo uliokuwa ukiogopwa uligeuka kuwa sehemu ya tiba. Mwaka 1963 Fang alizieleza mbinu zake kuhusu mivunjiko ya mifupa ya kigasha katika mkutano wa kimataifa wa wapasuaji mjini Roma, na mwaka 1966 kitabu cha Tianjin kuhusu matibabu ya mivunjiko kilichapishwa. Fang alifariki mwaka 1968. Shang alihamia Beijing, na katika miaka ya 1970 kundi la huko liliongeza pini nyembamba zinazopenya ngozi na kushika mfupa kutoka nje, zikisaidiana na mabanzi na pedi, hivyo kwamba hata mvunjiko mbaya wa mguu uliweza kushikiliwa bila nyama kufunguliwa. Kwa wapasuaji wa Ulaya, ambao katika miaka hiyohiyo walikuwa wakisisitiza kufungua na kuweka bamba la chuma, wazo la kuuacha mvunjiko utikisike kidogo lilionekana kosa. Baadaye wao pia, kwa utafiti wao wenyewe, walikubali kwamba mtikisiko mdogo huchochea mfupa kuunga.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote, na yenye ubishi mwingi zaidi, ni ile ya tumbo. Wu Xianzhong, mpasuaji aliyezaliwa mwaka 1925 na kuhitimu Shenyang, alikuwa mmoja wa wale waliotolewa kazini kusoma tiba ya kale, na mwaka 1964 aliongoza hospitali ya Nankai mjini Tianjin, ambako alijikita katika dharura za tumbo: kidole tumbo kilichovimba, utumbo ulioziba, mirija ya nyongo iliyojaa mawe, na kongosho lililowaka. Tiba ya kisasa ya wakati ule ilikuwa na jibu moja kwa nyingi kati ya hizo, nalo ni kupasua. Tiba ya kale ilikuwa na kanuni kwamba viungo vilivyo wazi ndani, kama utumbo na mfuko wa nyongo, huwa na afya pale tu vinapopitisha, na kwamba kilichoziba kifunguliwe kwa kuharisha. Dawa iliyotumika sana ilikuwa mchemsho wa vitu vinne uliorithiwa kutoka kwa Zhang Zhongjing, mganga wa mwishoni mwa enzi ya Han: mzizi wa manjano uitwao dahuang, chumvi ya kuharisha ya mangxiao, madanzi machanga yaliyokaushwa, na gome la mti wa houpo.

Kumharisha mgonjwa mwenye utumbo ulioziba ni jambo ambalo mwanafunzi wa upasuaji hufundishwa kuliogopa, na kwa haki, kwa sababu utumbo uliosokoteka hadi damu isipite unaweza kutoboka. Mchango wa Nankai, na hapa ndipo uzito wa historia yake ulipo, ulikuwa ni kuamua nani asipewe dawa hiyo. Mgonjwa aliyeonyesha dalili za utumbo kufa au uchafu kusambaa tumboni alipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Aliyekuwa na ugonjwa mwepesi alitibiwa kwa mchemsho. Na wa katikati aliwekewa mpira wa kupitia puani hadi tumboni, tumbo likafyonzwa kwanza, kisha mchemsho ukamiminwa kupitia mpira uleule, huku daktari akimpima saa baada ya saa na chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Mganga wa kale hakuwa na mahali pa kumpeleka mgonjwa dawa iliposhindwa. Hospitali ilikuwa na mahali hapo, na ndiyo maana ilithubutu kusubiri. Wagonjwa wengi wa miaka hiyo waliteswa pia na minyoo mikubwa iliyopanda katika mirija ya nyongo, na kwao mchemsho wa matunda makali ya wumei pamoja na sindano za kutuliza maumivu mara nyingi ulitosha. Ugonjwa huo ulipungua sana vyoo na maji safi vilipoenea.

Kisha kamera ikaja. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walifaulu kufikia mlango wa mrija wa nyongo kwa mpira wenye taa uliopitishwa mdomoni, na mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani Magharibi na Japani, kila upande peke yake, walifaulu kuupanua mlango huo kwa waya wa umeme ili mawe yatoke. Mjerumani Erich Mühe aliondoa mfuko wa nyongo kupitia matundu madogo mwaka 1985, na nchini China upasuaji huo ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1991 katika mji wa Qujing, mkoani Yunnan. Hospitali iliyojenga sifa yake juu ya kuepuka kisu ingeweza kuvikataa vifaa hivyo kama washindani, na baadhi ya wapenzi wa tiba ya kale walitaka hivyo. Nankai ilivikumbatia, na kazi ikagawanywa upya: mpira wenye kamera uliondoa jiwe au kufungulia usaha, jambo ambalo mchemsho ulilifanya kwa kubahatisha, na mchemsho ukabakiwa na kazi ya kuuamsha utumbo uliolala baada ya ugonjwa mkali, hasa katika ugonjwa wa kongosho, ambamo utumbo usiosogea hupitisha vijidudu katika damu. Kiasi gani mchemsho huo huongeza juu ya uangalizi mzuri wa kisasa ni swali linalobishaniwa kwa haki, kwa sababu majaribio mengi yalikuwa madogo na ni vigumu sana kutengeneza dawa bandia yenye uchungu na harufu ya ile ya kweli ili mgonjwa asijue amepewa ipi.

Jaribio lililopigiwa debe kuliko yote ndilo lililodumu kidogo zaidi. Kuanzia 1958 huko Shanghai, wagonjwa walipasuliwa huku maumivu yakizuiwa kwa sindano za akupancha badala ya nusukaputi, na katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni wageni walionyeshwa upasuaji mkubwa wa namna hiyo. Mwandishi James Reston wa Marekani, ambaye mara nyingi husemekana kuwa aliondolewa kidole tumbo Beijing mwaka 1971 kwa sindano, kwa kweli alipewa ganzi ya kawaida. Sindano zilikuja baadaye, kumpunguzia gesi ya tumbo. Katika miaka ya 1980 njia hiyo iliachwa na hospitali nyingi, kwa kuwa wagonjwa wengi walisikia maumivu na walihitaji dawa za ziada. Utafiti ulioachwa nyuma, hasa wa Han Jisheng wa Beijing aliyeuanza mwaka 1965 na kuonyesha kwamba sindano huufanya ubongo utoe kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, ulikuwa na thamani kubwa kuliko maonyesho yenyewe. Zanzibar, iliyopokea timu yake ya kwanza ya madaktari wa China mwaka 1964, na Tanzania Bara, iliyofuata mwaka 1968, zilizijua sindano hizo katika miaka ileile ya msisimko, zikitumiwa zaidi kwa maumivu na kupooza.

Nje ya hospitali kubwa, Zhu Hanzhang wa Shuyang, mkoani Jiangsu, alibuni mwaka 1976 sindano yenye ncha bapa yenye makali, iliyopenya ngozi kama akupancha na kuachanisha nyuzi za nyama zilizogandamana kama kisu. Ilienea haraka, pengine haraka kuliko ushahidi wake, kwa maana aliyeitumia hakuona ncha ilipo mpaka alipoanza kusaidiwa na picha za mawimbi ya sauti.

Mbinu iliyosafiri mbali ilitoka katika ugonjwa ambao watu huona haya kuutaja. Tangu enzi ya Song, bawasiri zilikaushwa China kwa unga wenye aseniki, sumu iliyoua baadhi ya wagonjwa pamoja na ugonjwa. Katika miaka ya 1970, Shi Zhaoqi wa hospitali ya Guang'anmen mjini Beijing aliitupa aseniki na kuchukua vitu viwili vingine vya duka la dawa la kale, shabu na tanini ya uvimbe wa majani uitwao wubeizi, akatengeneza dawa ya sindano ambayo, ikidungwa kwa mpangilio wa hatua nne kuzunguka bawasiri, huifanya nyama iliyoteremka ijishikize tena kwenye ukuta wake bila kukatwa. Wajapani waliichukua, wakabadilisha vichanganyio, wakaipima kwa masharti ya mamlaka yao ya dawa na kuiidhinisha, wakiwataka madaktari wanaoitumia wapitie mafunzo ya mkono kwanza, kwa sababu tone lililodungwa katika kina kisicho sahihi linaweza kuujeruhi utumbo.